Nina 450,000, mume anataka inchi 50: ninunue TV gani?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi cherehani, naishi Pasua hapa Moshi na mume wangu na watoto watatu. Tumepanga vyumba viwili. Sebule ni futi kumi kwa kumi na mbili, na humohumo ndimo ninamoshonea. Tangu TV yetu ya chogo ife mwaka jana, watoto wanakwenda kuangalia kwa jirani na wanarudi saa tatu usiku. Sipendi kabisa.

Mwezi uliopita kikundi chetu cha VICOBA kilivunja mzunguko. Nimetoa ada, nimelipa deni la vitambaa, nikabaki na 450,000 ambazo nimezitenga kwa ajili ya TV tu. Nikadhani kazi imeisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Nimezunguka madukani mjini. Duka la kwanza wana inchi 43 smart, kampuni sijawahi kuisikia, kwenye boksi imeandikwa 4K kwa herufi kubwa, bei ya mwisho 430,000. Duka la pili wana inchi 32 ya kampuni inayojulikana, ya kawaida, si smart, 330,000 na waranti ya mwaka mmoja. Nilipomtajia yule muuzaji wa kwanza hiyo ya 32 akaniambia hizo siku hizi ni za vyumba vya gesti. Halafu shemeji yangu wa Arusha, anakaa Ngarenaro, ana TV used ya inchi 50 iliyokuja na kontena, ananiachia kwa 350,000 kwa sababu ya undugu. Amenitumia picha ya mgongoni: pameandikwa "AC 100V 50/60Hz" na maandishi mengine kama ya Kijapani. Inawaka vizuri, ila ameichomeka kwenye kiboksi kizito cha chuma.

Baba watoto ni dereva bodaboda na anapenda mpira kuliko kula. Anasema AFCON 2027 inakuja kwetu, tena Arusha wanajengewa uwanja, haiwezekani Taifa Stars tuwaangalie kwenye kioo kidogo. Anataka tuongeze mkopo wa 300,000, wa wale wanaopita kuchukua rejesho kila siku, tuchukue inchi 50 mpya. Mimi mikopo ile naiogopa. Zaidi ya hayo umeme wetu unacheza sana jioni, na LUKU tunachangia wapangaji wanne, wenzangu wameshaanza kuuliza hiyo TV itakula uniti ngapi.

Naomba unielekeze Mjomba, nisije nikapoteza jasho la mwaka mzima.

Fundi cherehani, Pasua, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuifikisha hela hiyo salama mpaka hapo. Chukua ile ya inchi 32, na hela inayobaki usiiguse kwa kitu kingine, maana ina kazi ya kuilinda hiyo TV. Sasa nikueleze kwa nini, ili hata baba watoto akiuliza uwe na la kumjibu.

Nianze na ya shemeji, maana hiyo ina hatari. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Kile kiboksi kizito ni transfoma ya kushusha umeme. Siku transfoma ikihamishwa, au mtoto akachomoa waya na kuuchomeka moja kwa moja ukutani, pawasaplai, yaani sehemu ya ndani inayoipa TV umeme, inaungua papo hapo. Hata ikikaa mahali pake, transfoma ya aina hiyo haitulizi umeme, inaugawa tu: ukutani ukipanda hadi 260, TV inapata 113 badala ya 100. Wewe mwenyewe umesema umeme wenu unacheza. Kuna jambo jingine tena: Japani wanarusha matangazo ya antena kwa mfumo unaoitwa ISDB-T, sisi tunatumia DVB, kwa hiyo antena utakayoichomeka kwenye TV hiyo haitashika chaneli hata moja. Itabaki kutegemea king'amuzi siku zote.

Usichanganye maandishi hayo na yale ya "AC 100-240V" ambayo utayakuta mgongoni mwa TV nyingi mpya. Hayo yana maana kwamba TV inakubali umeme wowote kati ya volti 100 na 240, na kwako ni sifa nzuri, kwa sababu umeme ukishuka jioni TV haitasumbuka sana. Ya shemeji imeandikwa 100 peke yake. Mshukuru, mwambie umeme wa kwako hautaiweza. Na ukweli ni kwamba kitu cha 350,000 kikifa mikononi mwako baada ya miezi miwili, shemeji huwezi kumdai, utabaki na kinyongo tu.

Sasa hiyo 43 ya "4K". Kioo cha TV kimepangwa nukta ndogondogo. Kioo cha HD ya kawaida kina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, Full HD ina 1920 kwa 1080, na 4K halisi ina 3840 kwa 2160. Maboksi mengi ya bei ya chini yana neno 4K, ukimbana muuzaji anakwambia "inasapoti 4K". Maana yake TV inaipokea video ya 4K halafu inaishusha ilingane na kioo chake, na kioo chenyewe kinaweza kuwa HD ileile ya 1366. Muulize swali moja tu: kioo chenyewe ni nukta ngapi kwa ngapi? Akuonyeshe kwenye kitabu cha maelezo au kwenye stika. Akianza kuzunguka, ihesabu kuwa ni HD.

Ubaya wake uko hapa. Kioo cha inchi 43 kina upana wa kama sentimita 95. Ukizigawa kwa nukta 1366, kila nukta ni milimita 0.7. Sebule ya futi kumi, ukitoa kochi na meza, mnabaki na kama mita mbili kutoka machoni hadi kwenye kioo, na kwa umbali huo jicho zima huanza kuziona nukta zikizidi milimita 0.6 hivi. Yale maandishi yanayopita chini wakati wa taarifa ya habari utayaona yana ngazingazi. Kioo cha inchi 32 chenye nukta hizohizo kina upana wa sentimita 71, kila nukta ni nusu milimita, picha inatulia. Kwa hiyo yule aliyesema 32 ni ya gesti hakuiona sebule yako. Simaanishi kwamba 43 ni kubwa mno kwenu. Inchi 43 ya Full HD ya kweli ingewafaa kabisa, ila kwa bei aliyokutajia, ya kampuni usiyoijua na iliyofungwa boksi la maneno makubwa, mimi sina imani.

Na smart? Watoto watataka YouTube, najua. Lakini video ya ubora wa chini inaweza kula mpaka GB 1 kwa saa, na ya HD mpaka GB 3. Nyumba isiyo na intaneti ya mwezi, hiyo smart italala. Kompyuta ya ndani ya smart za bei ndogo nayo ni dhaifu, mwaka wa pili kufungua programu moja unasubiri mpaka unakata tamaa. TV ya kawaida yenye HDMI, lile tundu la waya mmoja unaopitisha picha na sauti, unaweza kuigeuza smart siku yoyote kwa kuchomeka kijiti cha Android, na kikifa unatupa kijiti, TV inabaki. Kwa sasa wajazie watoto katuni kwenye flashi.

Kabla hujatoa hata senti, nenda kwa fundi TV. Sisemi muuzaji, nasema fundi, yule mwenye TV zilizofunguliwa mgongo mezani. Muulize: za kampuni hii zikifa, unapata taa zake? TV za siku hizi zinamulikwa kwa nyuma na mistari ya taa ndogo za LED, na kwenye TV za bei nafuu taa hizo ndizo zinazokufa mara nyingi. Utasikia sauti, kioo cheusi. Ukimulika kioo na tochi ya simu kwa karibu unaiona picha kwa mbali, basi ujue ni taa. Huo ni ugonjwa unaotibika kwa gharama ya kuvumilika kama taa za mfano huo zinapatikana. Kioo chenyewe kikipasuka, hapo hakuna matibabu, maana bei ya kioo inakaribia TV nzima. Fundi akikwambia "hizi naletewa kila wiki na spea ninazo" au "hizi zikija huwa nazirudisha zilivyo", amekupa habari ambayo hakuna duka litakupa. Kama ile 32 iko kwenye kundi la pili, achana nayo, utafute nyingine kwa bei hiyohiyo.

Siku ya kununua nenda na baba watoto, nenda mchana, na mbebe vitu viwili: futi yako ya kushonea, na flashi. Kwa futi utapima kioo kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, kioo tupu bila fremu. Inchi 32 ni sentimita 81, ikija 80 si neno, ikija 75 unauziwa inchi 29 au 30 kwa bei ya 32. Kwenye flashi mwambie kijana wa stesheneri akuwekee picha tano za rangi tupu, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, pamoja na kipande cha mpira. Hakikisha picha ni tupu kabisa, bila maandishi.

Wakishafungua boksi (lile utakaloondoka nalo, isiwe ile iliyotundikwa ukutani), weka nyeupe kwanza. Sogea karibu. Nyeupe inafichua madoa: utaona pembeni kuna kivuli kama cha mafuta, au katikati kuna duara la njano. Hapo kuna taa mbovu au kioo kimeminywa njiani. Halafu weka nyeusi, na kama inawezekana wafunge pazia. Mwanga kidogo kwenye kona ni kawaida kwa TV za LED, lakini ukiona pande kubwa linang'aa, ikatae. Rangi tatu zilizobaki ni za kutafuta nukta iliyokufa, inakaa kama punje ya pilipili manga na haibadiliki hata ukibadilisha picha. Kisha weka mpira, baba watoto aangalie mpira ukipigwa pasi ndefu kama unaacha mkia. Akae pembeni kidogo aangalie tena, maana vioo vingine ukitoka katikati tu rangi zinafifia, na nyumba ya watu watano si wote watakaa katikati. Pandisha sauti hadi juu usikie kama spika zinakwaruza. Jaribu kila tundu la HDMI kwa king'amuzi cha dukani, nami ningependa yawe mawili. Jaribu na tundu la antena pia, kwa antena halisi: uliza kama TV ina DVB-T2, yaani inashika matangazo yetu ya antena ya kidijitali, kisha waambie watafute chaneli mbele yako. Analojia, yaani ule mfumo wa zamani wa matangazo, ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na huku kwetu Moshi na Arusha ikafuata 2013, lakini bado TV zenye tundu la analojia tupu zinauzwa kwa maneno kwamba "inashika antena". Wakati mnapatana bei, iache inawaka, nusu saa si nyingi.

Namba ya utambulisho (serial number) iliyo mgongoni ilingane na ya kwenye boksi, na hiyohiyo iandikwe kwenye karatasi ya waranti yenye muhuri wa duka na tarehe. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Muuzaji anayekwambia bei ya risiti ni nyingine anakuondolea ushahidi wako kwa shilingi chache. Muulize pia waranti inahusu nini, kwa sababu nyingi hazihusu kioo kilichopasuka wala umeme uliozidi, na ujue mapema ni nani atakayetengeneza, wao hapo au unapeleka Dar es Salaam kwa nauli yako. Ukiondoka nayo, chukua bajaji, boksi lisimame wima kama lilivyochorwa mishale. TV ikilazwa kioo kinapinda kwa kila shimo la barabara.

Hela iliyobaki ni 120,000. Ya kwanza kutoka humo ni kifaa cha kulinda umeme, kile chenye kioo kidogo kinachoonyesha volti, kinachokata umeme ukizidi au ukishuka mno na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Tenga kama 40,000, usinunue cha mkononi barabarani. Umeme unaporudi baada ya kukatika huwa unaanza kwa kishindo, na hapo ndipo pawasaplai nyingi zinakufa. Lakini hakizuii radi. Masika mvua ikianza kunguruma huko mlimani, chomoa waya wa ukutani na wa antena, vyote viwili.

Na kwa sababu unashonea humohumo, nakuomba jambo hili ulishike: pasi yako isichomekwe kwenye ekstensheni moja na TV. Pasi inavuta wati elfu moja na zaidi, ekstensheni inapata joto, na kila inapojizima na kuwaka inautikisa umeme wa TV. Nyuzi na vumbi la vitambaa navyo vinaingia kwenye matundu ya mgongoni vinaziba hewa. Weka TV ukuta ulio mbali na cherehani, ifute kwa kitambaa laini kikavu, usipulizie maji wala spiriti kwenye kioo. Ukishaifunga, ingia kwenye mpangilio wa picha ushushe mwanga. TV hutoka dukani ikiwa imewekwa mwanga wa juu kabisa ili ivutie, na taa zinazowaka hivyo kila siku zinachoka mapema.

Wapangaji wenzako wajibu kwa hesabu. LED ya inchi 32 inakula kama wati 40. Ukiiwasha saa sita kwa siku ni uniti 7 hivi kwa mwezi, na kwa mita ambayo shilingi 1,000 inatoa uniti zisizofika 3, hiyo ni kama shilingi 2,500. Waahidi utaongeza hiyo kwenye mchango, maneno yataisha. Inchi 50 mpya ingewatoa mara mbili mpaka tatu ya hapo.

King'amuzi usikurupuke. Kifurushi cha 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka. Anza na chaneli za bure za antena. Mkiamua kulipia, mkubaliane kwanza ni mpira upi mnaoufuata, maana Ligi Kuu yetu iko Azam na ya Uingereza iko DStv, na anayetaka zote mbili analipa mara mbili. Ukifunga king'amuzi cha HD, kiunganishe kwa waya wa HDMI. Zile waya za rangi tatu zinakurudishia picha ya enzi za chogo.

Nimebakiza la mkopo. Hapo nakuunga mkono moja kwa moja: usikubali kausha damu, hiyo mikopo ya rejesho la kila siku, kwa ajili ya TV. Mkopo ungekuwa wa cherehani ya pili tungezungumza, kwa sababu cherehani inaleta rejesho lake yenyewe. TV haileti. Siku bodaboda ikiharibika au mvua ikanyesha wiki nzima, wanaokuja kuchukua rejesho hawasikilizi, wanabeba kitu cha kwanza wanachokiona sebuleni, na kitu chenyewe ni hiyo TV.

Lakini baba watoto usimkatalie tu. Mtu anayeshinda juani kwenye pikipiki kutaka kuiona timu yake vizuri si kosa, na AFCON kuja nyumbani ni jambo kubwa. Mwambie aweke shilingi elfu moja kila siku kwenye kibubu ambacho hamtakifungua. Kwa mwaka ni 365,000. Mkiongeza na hela mtakayopata mkiiuza hii 32, ambayo kwa wakati huo itakuwa bado na boksi lake, risiti yake na kioo kisicho na mkwaruzo, mnaingia dukani kwa ajili ya 43 ya Full HD ya kampuni ambayo fundi amewathibitishia, na hamdaiwi na mtu.